Kamanda Aliyekula Mwisho

Kamanda wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa ulijua neno moja tu, lile nililokufundisha: "Umekula?" Kiingereza changu kinatosha kazini, kinatosha benki, lakini cha kukushukuru hakitoshi. Huko uliko naamini mtu hahitaji tena mkalimani.

Chumba chako pale kwenye nyumba ya wazee ya Toongabbie sasa anakaa bibi mmoja anayependa redio. Dirisha la bustani bado linakwama upande wa kushoto. Barakoa tumeruhusiwa kuvua, isipokuwa mtu akikohoa. Binti yako alikuja kutoka Amerika mipaka ilipofunguliwa, akalia begani kwangu kama tuliolelewa nyumba moja, halafu akachukua lile kopo la biskuti ulimotupia nishani zako. Nilimsimulia mengi. Jambo moja nilimficha, na hilo ndilo limenifanya nikuandikie wewe kwanza.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya? Wiki yangu ya kwanza nilikuletea chakula kabla ya watu wote, na nyama nikakuchagulia iliyo laini. Kwetu Uvira mzee ndiye ananawishwa mikono kwanza, na mzee mwenye cheo zaidi. Wewe ukakunja mikono, ukaitazama sahani mpaka ikapoa. Siku tatu. Nikaandika kwenye faili lako: anakataa chakula. Nikalia kwenye treni mpaka nyumbani Minto, nikidhani hutaki kulishwa kwa mikono kama yangu.

Daktari akaitwa. Sista Wanjiku, muuguzi wetu Mkenya, akanicheka mbele yako: "Mama Neema, huyu mzee amepigana vita vizima vizima, sasa unataka ashindwe na viazi vyako?"

Ndipo ukauliza, "Nani bado hajala?"

Nikasema wazee wote wameshapewa.

"Na ninyi mnaogawa?"

Nikakuonyesha mkate wangu kwenye mfuko. Ukanielekeza kiti. Nikala nusu, kwa aibu, huku unanitazama. Ulipoona nimemeza, ukachukua uma.

Kabla ya korona walikuja wageni kukuona. Walisimama wima mlangoni, wakakuita kwa cheo chako chote, wakataka kusikia jinsi ulivyoirudisha nyumbani manowari iliyotobolewa ubavu vitani. Mimi uliniambia yaliyo chini ya hayo. Kwamba ulizaliwa katikati ya mashamba ya mahindi, hujui bahari ikoje, kama mimi niliyejua ziwa Tanganyika tu nikadhani hakuna maji makubwa kuliko yale. Kwamba ulipoingia jeshini walikuanzisha jikoni, umenye viazi, na huko ukajifunza ni nani hula cha moto na nani hula kilichobaki. Ulipopewa meli yako ukaweka amri: mabaharia kwanza, maofisa baadaye, wewe mwisho kabisa.

Na uliniambia habari ya mkate. Meli imepigwa, inakokotwa, chakula kinakwisha. Mpishi mzee akakuuliza, "Kamanda, umekula?" Ukamjibu umekula. "Uongo wangu mmoja tu kazini," ulisema, ukacheka mpaka nikakupa maji. Baadaye ukatia mkono mfukoni mwa koti lako, ukakuta kipande cha mkate kimefungwa kwenye kitambaa. Mpishi hakusema neno, nawe hukusema. Ulinionyesha lile kopo la nishani ukaniambia, "Hizi zote ni zake."

Halafu korona ikaja. Tukakatazwa kuvua barakoa chumbani kwa mzee yeyote, na wewe ukaweka uma chini tena. Nikakuapia kwamba nimekula. "Sijaona," ulisema. Suruali zikaanza kukuvuka, nikakutobolea mkanda tundu jipya, kisha jingine. Niliogopa, Kamanda. Niliogopa kwamba ugonjwa utakukosa na adabu yako itakuua.

Ndiyo nikaanza kutumia mapumziko yangu bustanini, nje ya dirisha lako. Nilivua barakoa, nikafungua kibakuli cha ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, nikainua tonge ulione. Wewe ndani ukainua kijiko. Baridi ya Julai tulikula hivyo. Siku ya mvua nilishika mwavuli kwa mkono wa kushoto, na ulicheka hadi supu ikakumwagikia. Sista Wanjiku akawa anapita akisema, "Hoteli yenu imefunguliwa?" Hakuna mtu aliyewahi kuningoja nile. Mume wangu ananipenda, lakini akirudi kutoka kwenye malori ya bandarini Port Botany anakula akisinzia. Wewe uliningoja kila siku.

Sasa niseme lile.

Siku ile ya mwisho nusu ya wenzangu walikuwa wamejifungia nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Nilikuja bila chai, na mchana ulinikuta sijakaa. Hukuwa tena na nguvu ya kugeukia dirishani. Nilikuletea uji. Ukaniuliza, kwa Kiswahili, "Umekula?"

Nikasema, "Nimekula, Kamanda."

Ulinitazama machoni, maana ndiyo peke yake yaliyoonekana. Kisha ukameza vijiko vitatu. Nilipoinama kukuwekea mto vizuri ukashika aproni yangu, nikadhani unatafuta pa kujishikilia. Jua lilikuwa bado kitandani ulipoondoka.

Kwenye mazishi tuliruhusiwa wachache. Mtu mwenye sare alisoma habari zako kwa muda mrefu, binti yako akisikiliza kwenye simu. Mkate hakuutaja. Mimi nami nilinyamaza, nikiogopa Kiingereza changu. Kina mama wa kanisa huku Minto walikuimbia kwa simu, kila mmoja akiwa jikoni kwake.

Lakini siku ile ile ya kifo chako, nilipovua aproni ikafuliwe, niligusa kitu mfukoni. Biskuti zako za chai ya saa nne, zile mbili za pakiti. Hukuzifungua. Nikaenda bustanini, nikasimama mahali pangu. Pazia lilikuwa limeshafungwa. Nikazila zote mbili, polepole, ili uone.

Asante. Asante kwa kujua, na kwa kutonifedhehesha.

Neema wangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, amekubali kunisaidia kumwandikia binti yako habari ya biskuti na ya mkate. Hilo nakuahidi. Na hili pia: wafanyakazi wapya wakifika asubuhi, kabla sijawaonyesha vyumba nawauliza kama wamekula. Wanadhani ni salamu ya kwetu. Nitaendelea kuwauliza mpaka nitakapostaafu.

Pumzika, Kamanda. Wote wamekula. Na mimi pia, leo ni kweli.

Wako wa dirishani,
Mama Neema