Kitufe Kilichojificha

Ijumaa, Kwala

Na mwisho wa kutuma maombi ya kazi ulikuwa leo saa kumi! Miaka minne nabeba saruji kama kibarua, kampuni imetangaza ajira ya kudumu ghalani, lakini maombi ni kwenye tovuti tu. Nikaenda Mlandizi, steshenari kwa dada Mwanaidi.

Nilipojaza "darasa la saba" penye elimu, nikatafuta kitufe cha kutuma. Hakipo. Nikajua kompyuta imeshanikataa.

"Acha hizo, kaka," Mwanaidi akacheka. "Kiolezo cha tovuti yao, ule muundo wa kurasa, ni cha enzi za babu. Kompyuta yangu mpya mno, hawaelewani."

Akabonyeza mahali, akaiamuru kompyuta isome kizamani. Rangi zikapauka, maandishi yakasogea, kitufe kikatokea.

"Haya, bonyeza kabla haijakumbuka ujana wake!"

Nikabonyeza, zimebaki dakika tano. "Ombi limepokelewa." Nilitoka jasho kuliko siku ya kushusha saruji.

Nikipata, mke wangu atahamia huku kutoka Kasulu. Nisipopata, mgongo huu sijui...

Nimelisoma tena tangazo lao. Wanataka mtu anayekwenda na wakati.