Mpokee Mzigo Kwanza

Mzee Ntandu,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno halafu nikatulia kidogo, kana kwamba utaitikia. Ujinga wangu. Lakini kwako siwezi kuanza na neno jingine, utaniona sina adabu hata huko uliko.

Mzee, nina hasira. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia asinione najivuna. Tangu tukuzike kule Unyambwa mambo yamebadilika. Lile wazo lako kwamba walinzi wa siku nyingi ndio wawafundishe wapya, ulilolisema mpaka ofisini wakakuona msumbufu, kampuni imelikubali. Imelikubali ukiwa umeshakufa! Na nafasi uliyokuwa ukiitamani wamenipa mimi. Neema yuleyule uliyemkuta hajui hata kushika kirungu leo anaitwa mkufunzi, ana sare mpya na filimbi shingoni. Nakwenda kazini asubuhi, narudi jioni, wanangu wananiona. Baada ya miaka yote ile ya zamu za usiku hilo si jambo dogo, na ndilo ofisini wanalonishikia.

Vijana niliopewa ni wazuri. Kuna wa Ikungi, kuna wa Mkiwa, kuna wa hapa mjini. Kwata wanaipiga kuliko sisi. Shida yao ni moja na unaijua: shikamoo. Akija kijana mwenzao getini watamkagua mpaka soksi. Akija mzee wanainama, "Shikamoo babu," mzee anaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," na hapohapo geti limefunguka. Nikiwauliza wananiambia, "Mwalimu, yule si sawa na babu yangu? Nitamkaguaje?" Nimewafokea. Nikiwafokea, wengine wanaruka upande wa pili, wanaacha kusalimia kabisa na kumkemea mzee wa watu kama wanafukuza mbuzi kwenye mtama. Nikachoka.

Ndipo nikawapa dawa yako. Mpokee mzigo kwanza. Unamkumbuka yule mzee aliyetujia na kikapu pale kiwanda cha alizeti? Ulimpa pole ya safari, wewe mwenyewe kichwa kimejaa mvi, ukakipokea kikapu kama mtoto anavyompokea baba yake uani, ukakiweka mezani, mkono ukaingia ndani. Jogoo akakudonoa. Ukasema, "Huyu naye aandikwe kwenye kitabu cha wageni." Mzee alicheka mpaka akasahau kwamba amekaguliwa. Hadi leo nikiona jogoo mwekundu nacheka peke yangu, halafu moyo unaniuma.

Basi wiki iliyopita tukafanya mtihani wa geti. Alikuja msimamizi wetu mpya, mtu mstaarabu tu, simchukii. Nilimwomba mdogo wako, Baba Yohana, awe mgeni, tukamfichia kisu kwenye kikapu chini ya unga wa uwele. Kumbe mdogo wako ni mwigizaji! Alikuja anachechemea, anakohoa, anaomba maji. Kuruta wa kwanza akampa shikamoo na geti akamfungulia. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alimfokea toka mbali na kumwamuru amwage kila kitu chini. Unga ukamwagika vumbini. Kisu kikaonekana, ni kweli. Lakini Baba Yohana alimuuliza, "Umelelewa na nani wewe?" na hapo hakuwa anaigiza tena.

Tukatia unga mwingine na kukificha kisu tena. Wa nne alikuwa Salome, binti wa Mkiwa, mama yake huuza vitunguu kwa abiria pale njia panda. "Shikamoo babu. Pole na safari, lete nikupokee." Akakiweka kikapu mezani. Nikangoja aingize mkono, hakuingiza. Alisogeza kiti, akamwambia, "Kaa babu, unitolee mwenyewe, mimi niangalie tu." Baba Yohana akatoa unga, akatoa kisu, akampa huku anamshukuru. Anamshukuru, Mzee! Mtu amenyang'anywa kisu na anasema asante mjukuu wangu.

Wewe ulikuwa unaingiza mkono. Miaka yote uliingiza mkono, nami nikakuiga, wala hatukujiuliza siku mgeni akidai amepotelewa na kitu itakuwaje. Yule binti amejiuliza. Amenizidi mimi na, unisamehe, amekuzidi na wewe.

Sasa sikia matokeo. Aliyemwagisha unga amefaulu. Salome ameanguka. Kanuni inasema mlinzi asiguse mali ya mgeni, naye aligusa kikapu, basi. Nilimweleza msimamizi kwamba huku kwetu kumwacha mzee asimame mbele yako na mzigo wake mkononi ni kama kumtukana. Akanijibu kwa upole kwamba kanuni haijui huku kwetu wala huko kwao, na kwamba mgeni mmoja mkorofi anaweza kumpeleka binti wa watu polisi. Ana hoja, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi. Ningepata mpumbavu ningemalizana naye palepale.

Wanataka saini yangu kwenye matokeo hayo. Nisiposaini watatafuta mkufunzi mwingine, nami nirudi zamu za usiku. Salome hajui lolote. Jana ameniuliza kama anunue viatu vyeusi vya kazi au asubiri kwanza. Nikamwambia asubiri. Sikuweza kumtazama usoni.

Hata wewe nimekukasirikia, acha niseme. Ulinifundisha kumjua mwizi kwa mwendo wake, ulinifundisha kusimama usiku kucha bila miguu kuvimba, lakini hukunifundisha kubishana na mtu mwenye kalamu. Labda na wewe hukuweza. Labda ndiyo maana kila ulipotoka ofisini ulirudi getini umenyamaza, ukisingizia jino.

Nyumbani kwako hawajambo. Mama ameshapura alizeti yake, na juzi alinifungia mlenda nije kula na wanangu. Anakutaja sana, hasa akiwa jikoni.

Lala salama, Mzee wangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitashinda, maana ofisini wako wengi na mimi niko peke yangu. Nakuahidi hili moja: Jumatatu jina la Salome lisipokuwa kati ya waliofaulu, na saini yangu haitakuwepo. Wanangu nimeshawaambia kwamba huenda nikaanza tena kuwaaga jioni. Mdogo alilia, nikamwacha alie.

Mimi binti yako wa getini,
Neema