Kona Uliyonificha

Chumba cha juu,
nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mjukuu wako anaota meno, anang'ata kila kitu, hata vijiti vyangu vya lesi.

Habari njema ni kwamba sasa nafundisha. Wanawake wachache wa mtaani wanakuja na mito yao ya kufumia lesi, nawaonyesha kupishanisha vijiti, kusokota nyuzi na kuchomeka pini. Nyuzi zikiwatatiza wanacheka mpaka mtoto anaamka. Nami najiona mtu.

Basi juzi mke wa kinyozi akafika kwenye pembe ya kitambaa chake, akaniuliza lesi inageukaje hapo. Nikashika vijiti, nikaona sijui pa kuvipeleka. Mwenzake akanitania: "Mwalimu, lori lako halina usukani?" Nilicheka nao, lakini kwa mdomo tu.

Maana nilikumbuka. Ulipokuwa ukinifundisha, kila tulipofika kwenye kona ulinituma, mara nikaangalie sufuria, mara nikaanue nguo. Nikirudi, kona imeshageuka, naendelea na mstari wangu ulionyooka. Nilidhani ni kazi za nyumbani tu.

Mdogo wangu, binti yako, alipofika kututembelea nikamsimulia. Hakuzunguka. "Mama alisema ukijua kona utahama, ukajitegemee."

Nililia, sikufichi. Wewe uliyenilea, ukanifanya mtu wa nje mbele ya uzi. Na nilihama hata hivyo, Mama Mdogo, kwa kuolewa, bila kona yoyote. Ungenifundisha, ningekuwa nakimbilia kwako kukuonyesha kila ninachomaliza.

Wanafunzi nimewaambia kweli, kwamba sijui. Wengi hawajarudi. Mke wa kinyozi bado anakuja, kitambaa chake kimesimama palepale. Naye akiondoka, sina darasa tena.

Kwa hiyo binti yako anakuletea mto wangu, na lesi imeishia kwenye kona. Igeuze. Pini usizing'oe, nione ulipopita. Mto ukirudi kama ulivyokuja nitaelewa, nitahangaika mwenyewe. Ila naamini hautarudi hivyo.

Siku hiyo nitawaita wote wasogee karibu, na mtoto nimpakate. Hakuna nitakayemtuma jikoni.

Nisalimie Mjomba Redio, mwambie apunguze sauti, na bibi wa chumba cha pili. Mungu akutulizie mgongo, akuachie macho ya kuona pini.

Wako akupendaye, na kidonda changu hivi hivi,
Mwembamba wako