Taa Yako ya Kichwani na Mahali Ilipopita

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma, kile kilichokuwa chako,
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Wifi hajambo? Na wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani kwenye gari? Mgongo wako je, umepoa au bado unakuuma ukikaa sana? Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku miili haijambo, ila mimi roho imenichafuka, na chakula nakila kwa kujilazimisha tangu Alhamisi. Utajua kwa nini.

Ujumbe wako niliupata. Umeandika kwamba Baba amekataa kutokea kwenye simu ya video Jumapili tatu mfululizo, tangu siku ile ulipomwambia kuwa mwaka huu pia hutaweza kuja, naye akafoka, "Basi kaa huko huko!" Ukasema utapiga mara moja tu tena, Jumapili hii inayokuja, na asipotokea utajua mzee amekufuta, na hutapiga tena. Kaka, usinifanyie hivyo. Sababu ya Baba kukataa ninayo, lakini siwezi kuifikia bila kupitia kwenye ile taa ya kichwani uliyonitumia.

Taa yenyewe nashukuru sana. Nyepesi kama yai, nikiivaa nasahau kama ipo. Naichaji kwa waya wa simu wakati napika chakula cha jioni, alfajiri iko tayari. Zamani nilikuwa nakimbia kwa kubahatisha, mguu mmoja lami, mwingine dimbwini. Sasa naona kila kitu, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza. Jamani, kumbe barabara yetu iko vile! Panya waliobandikwa na magari, nepi za watoto, makohozi ya watu wazima wenye akili zao. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikaosha viatu kabla ya uso.

Halafu mwezi uliopita kikundi chetu cha mbio tulipiga kambi msituni, kujizoeza kwa zile mbio za siku mbili zinazokuja. Nikapewa upishi kwa sababu mimi ndiye mwenye taa. Wadudu wote wa msitu waliifuata, wakaja kujimwaga kwenye supu, na hatukuwaona mpaka mwenzetu mmoja, muuza viatu, alipotafuna kitu akauliza kama nimetia karanga. Baadaye ndipo nikagundua kuna kitufe cha mwanga mwekundu ambao wadudu hawaujali sana. Ungeniambia mapema, Kaka. Supu ya watu saba ilimwagwa.

Lakini hayo ni ya wadudu. Ya binadamu ndiyo haya.

Shemeji Spana, mume wa Dada, unamjua. Fundi bomba hodari, mcheshi, Dada anampenda, mimi pia nilikuwa nampenda. Ila kuazima kwake ni ugonjwa. Siku tatu baada ya Baba kukufokea, akaja mbio akitaka taa yangu, ana kazi ya kuhitaji mikono yote miwili. Nikampa, shemeji huyo, ungemnyima? Akakaa nayo wiki mbili. Kila nikiuliza, "Kesho, shemeji." Jumatano iliyopita akairudisha ndani ya mfuko wa mkate, mkanda umelowa na unanukia sabuni ya manukato mpaka pua zinawasha.

Mimi nimefanya kazi ya udobi wa hoteli miaka tisa. Shuka likija linanukia manukato kupita kiasi, tunajua kuna mtu anaficha kitu. Sijui ni kwa nini akili hiyo sikuitumia kwenye taa yangu mwenyewe. Alhamisi alfajiri nikaivaa nikatoka. Kufika kilomita ya tatu, jasho likaanza kuteremka kutoka kwenye mkanda, likapita puani, likaingia mdomoni. Kadiri kichwa kilivyopata joto ndivyo sabuni ilivyoondoka na kilichokuwa chini ya sabuni kikajitokeza. Nilidhani nimekanyaga. Nikageuza soli, safi. Nikakimbia nikijinusa kwapa kama kichaa.

Kazini, yule mama wa pasi aliyenifundisha kazi akanisogelea, akanusa hewa ya juu ya kichwa changu, akarudi nyuma hatua mbili. Nikachukua taa, nikaikunjua pale kwenye bawaba inapoinamia. Kaka, madoa ni kazi yangu. Divai naijua, damu naijua, na kile kilichokuwa kimekauka mle ndani nilikijua pia. Nilitapika kwenye beseni la soksi za wageni.

Mchana nikaomba ruhusa nikamfuata Spana. Nilimkuta kwenye jiko la watu, amelala chali chini ya sinki, inaonekana miguu tu. Nikasema na miguu. Nikaiuliza taa yangu ilipelekwa wapi. Spana akasema, "Niliiosha mara tatu, shemeji." Nikauliza alikuwa anaosha nini kilichohitaji mara tatu. Spana ya mkononi ikaacha kugonga. Akasema mzee alimwapisha asimwambie mtu. Nikamwambia basi nakwenda kumuuliza Dada, maana taa ya kichwani haiendi huko peke yake bila kichwa. Hapo miguu ikajikunja, na shemeji akatoka kusema.

Aliingia kwenye chemba ya choo chetu, Kaka. Mwili mzima, mpaka kiunoni, kichwa chini, taa yako usoni, mikono ndani ya bomba. Alikuwa anatafuta meno ya bandia ya Baba, na aliyapata kwenye kona ya bomba.

Subiri, hayajaisha. Ili kuua vijidudu, shemeji yetu msomi akayachemsha. Aliyachemsha jikoni kwangu, kwenye sufuria yangu ndogo ya uji, mimi nikiwa kazini. Kwa moto yale meno yakapinda, yakawa hayamwingii Baba tena. Sufuria ikasuguliwa ikarudishwa mahali pake kimya kimya. Na mimi wiki mbili nzima nimepika uji humo, nikanywa, nikalamba mwiko. Ptu! Asante ya punda ni mateke, lakini ya Spana imezidi punda.

Utauliza nilikuwa wapi nisione kwamba baba yangu hana meno. Natoka alfajiri, narudi jioni. Baba alikuwa anajifunga skafu mdomoni, anasema ana mafua, anataka uji tu, anajibu akiwa nyuma ya mlango. Nilidhani ni kisirani cha ile simu yenu. Wewe ulidhani amekufuta, mimi nilidhani amenuna.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimewaka. Sufuria niliitupa kwenye pipa la takataka kwanza, ndipo nikasimama mlangoni kwa Baba tayari kufoka. Akafungua, akaivua skafu. Mashavu yamezama, Kaka, sura ya mtu mwingine. Nikamuuliza meno yalifikaje chooni. Akaketi kitandani, akanieleza.

Unakumbuka alivyokuwa, miaka thelathini na moja akitangaza treni stesheni, na hakuwahi kutangaza hata moja bila kulijaribu tangazo kwanza. Asubuhi ile baada ya kukufokea aliingia chooni kufanya majaribio. Anasema humo sauti inarudi kama ya stesheni. Alikuwa anajaribu kukuomba msamaha. Alijaribu mara kadhaa haikumkaa sawa, akapandisha sauti, na kwenye "samahani, mwanangu" meno yakaruka. Kwa mshtuko akavuta maji.

Hasira ziliniishia pale pale. Kinyaa hakikuisha, nisikudanganye, lakini hasira ziliisha.

Ijumaa nilimpeleka kwa fundi wa meno. Kachukuliwa vipimo, akaambiwa wiki sita. Jana asubuhi, ujumbe wako ulipofika, nikamwambia Baba wiki sita ni nyingi, mwanao amesema Jumapili hii ndiyo ya mwisho, tokea hivyo hivyo. Akasema ng'o, mwanawe hatamwona kibogoyo. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu yeye ameshazaa, watatu. Nimeshindwa na mzee huyu, hata bila meno ananishinda.

Jana jioni akaniita mwenyewe. Aliiona taa nimeianika kwenye kamba; nilikuwa nimeifua mara ya nne, mkanda peke yake, na dawa ya mashuka ya kazini. Akaivaa. Akaniambia nikasimame koridoni na simu yangu, nimpigie kwa video. Nikapiga. Kwenye kioo cha simu sikuona baba, niliona mwanga mweupe mkubwa na masikio mawili pembeni. Mdomo haukuonekana hata kidogo. Akasema, "Tangazo, tangazo," herufi zinavuja upepo, akauliza kama naona kitu. Nikasema sioni. Akafurahi, akasema Jumapili atatokea.

Basi Jumapili piga. Piga saa ile ile. Ameniapisha nisikwambie habari za meno kwenye simu, ndiyo maana naandika, na barua namkabidhi yule nesi jirani yetu anayeruka kesho kuja huko. Taa namwachia Baba, mimi siivai tena hata iombewe. Mbio za mwezi ujao nitakimbia nyuma ya mwenye taa yake.

Dada anakusalimu, na wanawe pia. Spana naye anasalimu. Nakufikishia salamu zake ila mkono wake bado sijaushika. Mama wa pasi anasema umletee mwanamume wa kumwoa. Wasalimie wifi na wanangu, wabusu wote. Mungu awalinde njiani na kazini, awape usingizi mzuri na afya isiyohitaji fundi.

Na Kaka, akianza kusema, herufi zitavuja. Usicheke, wala usimwambie azime taa. Utaona mwanga tu. Mwambie unamwona vizuri kabisa.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata akiwa na kichefuchefu,

Kifaranga