Mabano Niliyokuwekea

Swafiya, shoga yangu,

Salamu zako nimeshakusomea pamoja na Fatiha, kwa hivyo niache niingie kwenye maneno. Nina hasira nawe na nina huzuni, na sijui ipi imetangulia. Tangu ulipotutoka mfungo sita, chumba chetu cha kazi juu ya duka la vinyago la Ndia Kuu sijakigusa. Kikombe chako kiko pale pale kando ya kompyuta, na leso yako bado imetundikwa nyuma ya kiti. Mwenye nyumba ameniuliza kama nitaendelea peke yangu. Nimemwambia ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema.

Saa zetu za misikiti, za kuonyesha nyakati za swala, zinaendelea. Mwezi wa mlisho, Shaaban, umeshika, kila kamati inataka saa yake ikaguliwe kabla ya Ramadhani, na huko Majengo wameagiza mpya. Taa na nyaya naziweza, ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku zote. Athman nduguyo bado anabeba ngazi na kuzitundika, kwa kuwa zinakaa upande wa wanaume, na sisi wawili tuliozitengeneza hatukuwahi kuiona hata moja ukutani. Ulikuwa ukicheka: "Sisi ni wapishi wa harusi, shoga. Twasikia tu kuwa watu wameshiba."

Kilichonishinda ni uandishi wako wa programu. Unajua nilivyozichukia makro zako, na sitajidai leo kwamba nilizipenda. Lugha yetu ya C ni kongwe na bahili. Lugha za siku hizi ukiziambia kwamba msikiti huu ni mtoto wa ule, achukue kila kitu cha mzazi isipokuwa wakati wa futari, zinaelewa. C haijui mtoto wala mzazi. Lazima uandike mwenyewe umbo lake, kazi zake, jinsi anavyoanza, jina lake, kisha msikiti wa pili uyarudie maneno yale yale, na wa tatu vilevile. Wewe hukuvumilia. Ukaunda makro, ukazipa majina ya Kiswahili, na kurasa zote zile zikawa mstari mmoja kwa kila msikiti. Ukiandika neno MSIKITI na vitu vyake, kompaila, inayoigeuzia mashine maandishi yetu, inaliondoa neno hilo kwanza na kubandika mahali pake kila ulichokificha nyuma yake. "Mamangu hapimi unga wa mahamri upya kila siku," uliniambia. "Ana kikombe chake."

Mimi nilisema nataka kukiona ninachokiendesha. Tuligombana hadi chai ikapoa. Ukasema mkono ukiandika jambo moja mara kumi, mara ya saba utalala, nami nikasema mkono wangu haulali.

Basi nikauandika mstari wa Majengo, nikasahau mkato mmoja, na kompaila ikanitapikia makosa ambayo hata moja halikuwa kwenye mstari nilioandika. Nikafanya ulichonifundisha cha wakati wa kukata tamaa. Niliiamuru kompaila isimame baada ya hatua ya kwanza, inionyeshe yale maneno yote ikishayabandika. Alasiri nzima nikayasoma. Wallahi nilikuwa nafurahi, Swafiya. Ilikuwa kama kukusikia ukisema. Kisha nikafika kwenye msikiti wa Mashia, wa Ithnaashari.

Unakumbuka mpango wake. Saa zetu zote zinapiga kengele ya futari dakika tatu baada ya jua kuzama, kwa tahadhari. Wao wanasubiri mpaka wekundu wa mashariki uondoke, na kamati yao iliomba dakika kumi na mbili zaidi. Ulikuwa na makro ndogo ya kugeuza dakika kuwa sekunde, inayochukua unachoipa na kuongeza "mara sitini" mbele yake. Misikiti mingine uliipa 3, ikatoka sawa. Huu uliupa 3 + 12. Lakini makro haihesabu, inabandika tu. Nilichokiona kwenye kioo ni 3 + 12 * 60, na mtoto wa darasa la nne anajua kuzidisha kunatangulia. Kumi na mbili zikawa dakika. Zile tatu zikabaki sekunde tatu.

Ramadhani iliyopita ndiyo ya kwanza kwao na saa yetu. Mwezi mzima kengele ililia karibu dakika tatu kabla ya wakati waliouchagua. Hakuna aliyetambua, kwa sababu wakati ule Mji wa Kale wote umeshafuturu na kufika kwenye kaimati. Msikiti unaochelewa kuliko majirani wote, nani atajua kwamba leo umechelewa kidogo zaidi au kidogo pungufu?

Na kilichonichoma si hesabu. Najua kwa nini hukuandika 15. Ni mimi niliyelalamika kwamba naikuta namba sijui imetoka wapi. Uliziacha tatu zetu na kumi na mbili zao wazi, nizione kwa macho yangu. Ungeandika ulivyozoea, kusingekuwa na kosa.

Siku tulipokuzika Athman alisimama mlangoni kwenu akasema, "Mwenye kumdai marehemu aje kwangu, au amsamehe." Hakuja mtu. Mamako alijifuta machozi akasema mwanangu ameondoka mwepesi. Sasa mimi nikawa nimeshika dai ambalo wenyewe hawajui kuwa wanalo. Ningerekebisha nikanyamaza, nani angejua? Jina lako lingebaki kama lilivyo midomoni mwa watu, Swafiya asiyekosea hata nukta. Lakini wewe ungebaki nalo huko uliko, na mimi ningekuwa nimekubebesha.

Nilimwambia Athman. Uso ukamgeuka. "Wataka kumfukua dadangu?" Akachukua ngazi yake, nikaisikia ikigonga ukuta hadi chini. Siku kadhaa hakupokea simu zangu. Kisha akarudi, hakuketi. "Mimi ndimi niliyesema waje kwangu," akasema. "Wakija, ntawakimbia?"

Tukaenda kwa Bwana Murtaza, katibu wao, yule wa duka la vitambaa. Alitusikiliza bila kutukata. Mwisho akasema, "Dakika tatu ni ndogo, bibi, lakini si zetu." Akamuuliza shekhe wao. Jibu likaja kwamba litangazwe msikitini, na ambaye moyo wake hautulii alipe siku zake, Shaaban haijaisha.

Alhamisi iliyofuata wanawake wao walinipandisha juu, upande wao. Athman alisimama chini katikati ya wanaume. Hakusema mashine imekosea. Alisema, "Dadangu amekosea, nawaomba radhi zenu." Na mimi, katika mwanya wa pazia, nikaiona saa yetu ukutani kwa mara ya kwanza. Taa zake nyekundu zinawaka kupita kiasi, nilikwambia. Lakini ni nzuri, Swafiya. Ungeiona, ungeanza papo hapo kuisema kasoro.

Wanaume wakaitikia, "Tumemsamehe." Wanawake nao wakaitikia. Ila bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, Bi Zehra, hakufungua mdomo. Nikamtazama. "Mimi ntafunga kwanza," akasema. "Alhamisi zangu za Ramadhani nilizofuturu hapa nazijua. Nikimaliza, ndipo." Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nililia njia nzima hadi Ndia Kuu, na Athman mbele yangu na ngazi begani, hageuki nyuma.

Nilikuwa nimeazimia kuzing'oa makro zako zote na kuandika kila msikiti kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Nimeziacha. Kosa lilikuwa mahali pamoja, na nilipoweka mabano mawili mahali hapo, ili kujumlisha kutangulie, misikiti yote ikawa salama kwa mpigo mmoja. Kama ningekuwa na nakala zangu nilizozipenda, ningekuwa hadi leo naziwinda moja moja. Hoja yako ilikuwa sawa na mkono wako ulikosea, yote mawili katika ukurasa mmoja. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Ningependa ungekuwepo tuligombanie.

Jana Bi Zehra alinitumia salamu kwamba ni siku yake ya mwisho. Mamako akakaanga kaimati, akanipa nipeleke. Kengele ya futari kwa kawaida haiwashwi kabla ya Ramadhani. Athman alikwenda mchana, akaitia saa programu iliyorekebishwa, akaiwasha kwa ajili ya bibi yule peke yake. Tukaketi juu, mimi na Bi Zehra, yeye na tende mkononi. Adhana za mji zikapita zote, moja baada ya nyingine, na yeye haondoi macho kwenye saa. Kuna wakati nilidhani mabano yangu nayo yamekosea.

Kengele ikalia. Akaitia tende mdomoni, akaitafuna polepole, akanywa maji.

"Haya," akasema. "Nimemsamehe." Kisha akauliza kaimati ni za nani.

Mstari wa Majengo umekubali, na kesho Athman anaitundika saa yao. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea, tumeshaona. Ninachokuahidi ni hiki: kila mlisho ukiandama nitaikunjua kazi yako yote, nayo yangu niliyoishonea, niisome mstari kwa mstari kabla mtu hajashika tende. Na kikombe chako nitakiosha leo.

Lala sasa, shoga yangu. Hakuna anayekudai.

Wako,
Rukia