Majani ya Mama Hayataki Huruma

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yana maneno yao. Leo nina malalamiko. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniambia majani yake ya rangi, haya ya mapambo hapa uani, hayana usumbufu, yanajiendea yenyewe mwaka hadi mwaka. Sijui alisema majani yapi. Haya nayamwagilia kila siku, nimeyawekea kivuli cha gunia, na bado yamelegea kama watu waliosusa. Yale mekundu yamegeuka kijani. La zambarau nililigusa jana likang'oka lenyewe, mizizi imeoza. Nifanye nini zaidi?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Huku hatujambo, wajukuu wanakuamkia. Baba, usifanye zaidi, punguza. Hayo majani yanapata rangi kwa jua. Toa gunia. Maji mara moja kwa wiki, tena udongo ukikauka. Mama alikuwa anayapita na kikombe chake cha chai, anayasema kidogo, anaingia ndani. Basi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Sijambo. Gunia nimetoa. Maji naendelea kidogo kidogo, siwezi kuyaona yana kiu nikanyamaza. Jirani yetu fundi cherehani alichungulia juu ya ua akaniuliza kama nafuga samaki. Nikajaza kopo tena.

Yamebaki manne.

Baba

9 Aprili

Shikamoo baba,

Leo salamu ni fupi. Kidogo kidogo ni mara ngapi kwa siku? Sema kweli. Mama alipotutoka yalikuwa ishirini na kitu, na ndiyo pekee aliyoyapanda kwa mkono wake. Nikija mwezi wa sita nataka kuyakuta hayo manne. Kama huwezi kuyaacha, nitamwomba fundi cherehani ayahamishie kwake.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Natumaini nyote wazima. Nimekaa na barua yako siku nyingi.

Ni mara tatu. Saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Ndizo saa za dawa za mama yako. Miaka miwili nilimpa mimi, kijiko na glasi ya maji, sikukosa hata siku moja. Alikuwa akikunja uso kabla hata sijafungua chupa. Sasa saa ikifika mikono inainuka yenyewe, nikija kushtuka nimeshika kopo, niko uani. Humu ndani hakuna mwingine wa kunywesha.

Majani nimempelekea fundi cherehani mwenyewe, kabla hujamwomba. Yuko na mashine yake, hata hayatazami. Nayo yamewaka, mekundu kwelikweli, mtu akipita barabarani anasimama. Inaudhi. Lakini yapo, utayakuta.

Mimi ndiye nimebaki na saa tatu nisizojua nizifanyie nini. Nikumbukeni, hata katika mojawapo ya saa hizo.

Baba yako