Maelezo ya Fundi Cherehani Kuhusu Nyimbo Thelathini na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Solfa
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi cherehani, pia mwalimu wa kwaya
Makazi: Chumba na sebule, nyuma ya soko la nguo

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli tupu, nami nasema hivi.

Kwaya yetu ina nyimbo nyingi nilizotunga, na gharama za studio zilitushinda. Nikaamua turekodi nyumbani kwangu. Kompyuta mpya sikuimudu, hivyo nikatafuta ya mezani iliyokwisha tumika na kukarabatiwa.

Mnamo tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, nilifika na mke wangu kwenye duka la fundi kompyuta, jirani na kinyozi. Fundi alituwashia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, safi, na karatasi zake zote za umiliki zilikuwepo. Ya pili ilikuwa kubwa kama sanduku la bati, haina karatasi hata moja, na ubavuni palikuwa na stika iliyokwanguliwa. Mke wangu aliipenda ile nyembamba. Mimi niliinama nikatega sikio. Feni ya ile nyembamba ilivuma kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa, na maiki ingeunasa mvumo huo katika kila wimbo. Ile kubwa ilikuwa kimya, ina nguvu zaidi, na ndani ilikuwa na diski mbili.

Mke wangu alininong'oneza, "Baba watoto, muulize imetoka wapi."

Nilimsikia vizuri. Sikuuliza. Moyo ulishaipenda, na jibu nililiogopa.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo niliiwasha nyumbani, pembeni ya cherehani. Diski ya kwanza ilikuwa ndogo, imejaa programu tu. Ya pili ilikuwa na folda imeandikwa "Zangu", ndani yake nyimbo thelathini na moja. Nilifungua mmoja. Mwanamume alikuwa anaimba peke yake bila ala, sauti nzito, ya mtu anayejua anachofanya. Katikati akakohoa, akanyamaza, kisha akasema polepole, "Ngoja nirudie." Hapo nikauzima, maana wanakwaya walikuwa mlangoni.

Nilimpigia simu fundi kumweleza. Akanijibu, "Futa tu, mzee. Hizo ni takataka za mwenyewe wa zamani." Nilijua si takataka. Mimi mwenyewe ni mtunzi. Lakini nilitaka nafasi, na watu walikuwa wamesimama wananisubiri. Nilizifuta zote. Kisha kwa wiki tatu tukarekodi juu ya diski hiyohiyo, siku baada ya siku, tukifurahi jinsi sauti zilivyotoka safi.

Tarehe 2 Aprili, saa tano asubuhi, askari wawili walifika kwangu pamoja na yule fundi, akiwa amefungwa pingu. Walinieleza kwamba kompyuta ile iliibwa nyumbani kwa mwalimu wa muziki, siku familia yake ilipokwenda kumzika. Niliitoa bila ubishi. Mke wangu aliwafungulia mlango, akawafungia, akaanza kufuta vumbi mahali kompyuta ilipokuwa. Afadhali angenilaumu.

Leo saa mbili asubuhi, hapa kituoni, nimekutana na mjane wa marehemu. Mtaalamu wa kompyuta wa polisi alikwisha mwambia kwamba hakuna wimbo hata mmoja uliopatikana. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alinisogezea kiti, akasema, "Kaka, wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Alikuwa anaimba nini?"

Nilimweleza nilichokumbuka: sauti, kikohozi, na yale maneno, "Ngoja nirudie."

Akaniuliza, "Akarudia?"

Nikamwambia sijui. Sikungoja.

Aliitikia kwa kichwa, akakaa akiangalia mikono yake.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu na akili timamu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari mpokeaji: Nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi kwa sauti, naye amekiri kuwa ni sahihi. Amefanya sahihisho moja. Mahali nilipokuwa nimeandika "nyimbo zilifutika", aliniomba nikate, niandike "nilizifuta". Nimefanya hivyo mbele yake. Saa 4:20 asubuhi.